Maji Ndani ya Kompyuta

Somo la historia ya vyombo na mitambo, kama lilivyosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima

Leo twataka kusoma jambo litakalowashangaza wengine wenu, nalo ni jinsi watu walivyoanza kupitisha maji ndani ya kompyuta.

Sote twajua kwamba maji na umeme havipatani. Mtu akimwaga chai juu ya redio, redio hufa. Basi ni sababu gani iliyowafanya watu wenye akili zao wapitishe mabomba ya maji katikati ya mashine ya bei kubwa, na tena waone wamefanya vema? Siku hizi hata kijana mwenye kompyuta moja tu ya mezani aweza kununua pampu, mipira na rejeta, akajifungia mzunguko wake wa maji nyumbani. Wengi hufaulu. Wengine huharibu mashine nzima kwa usiku mmoja. Tofauti yao mara nyingi si fedha. Wale wanaofaulu wamejua mambo ambayo wengine walikwisha kuyalipia zamani, na ndiyo sababu twayasoma kama historia.

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: joto, shaba, alumini, rejeta. Rejeta ni ile ya gari, pale mbele, ambapo dereva huongeza maji.

Kwanza tujue joto latoka wapi. Mashine ya kusaga hutumia umeme kuzungusha mawe, na pampu ya kisima hutumia umeme kupandisha maji. Kompyuta haisagi kitu wala haipandishi kitu. Kazi yake ni kuhesabu, na hesabu haina uzito. Kwa hiyo karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Kompyuta inayokula wati 300 hupasha chumba sawasawa na hita ya umeme ya wati 300. Hakuna ujanja wa kuliondoa joto hilo duniani. Lililobaki ni kulichukua kutoka mahali linapodhuru na kulipeleka mahali lisipodhuru. Shikeni neno hilo, maana somo lote la leo limo ndani yake.

Tuanze Philadelphia, Marekani. Mwezi wa Februari mwaka 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwaonyesha watu mashine iliyoitwa ENIAC. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa John Mauchly na J. Presper Eckert. Mashine ilijaza chumba kizima, uzito wake kama tani 30, na ndani yake mlikuwa na valvu zaidi ya 17,000. Valvu ni taa ndogo ya kioo. Wazee wenu waliokuwa na redio za zamani wazikumbuka, zile redio zilizokuwa lazima zipate moto kwanza ndipo ziseme. Valvu iliyokuwa kazini haishikiki kwa mkono. Sasa fikirini valvu 17,000 katika chumba kimoja! ENIAC ilikula umeme wa kilowati 150 hivi, ikapozwa kwa mafeni makubwa yaliyopitisha hewa. Valvu zilikufa mara kwa mara, na ilipokufa moja, hesabu iliharibika mpaka watu waitafute ile iliyokufa na kuibadili.

Mwezi wa Desemba mwaka 1947, katika maabara za Bell, huko huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi la William Shockley, walitengeneza transista ya kwanza. Transista hufanya kazi ya valvu bila ya waya unaowaka ndani. Ni ndogo, na joto lake ni kidogo. Mtu angaliweza kudhani kwamba taabu ya joto imekwisha. Haikwisha, na sababu yake ni rahisi. Chumbani mkikaa mtu mmoja, chumba hakipati joto. Wakikaa watu hamsini na madirisha yamefungwa, wote watatoka jasho. Mafundi walipoona transista ni ndogo, walizipanga nyingi mahali pamoja, kisha nyingi zaidi, na joto likarudi.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza ukoo wa kompyuta ulioitwa System/360. Mmoja katika ukoo huo, Model 91, ulikuwa miongoni mwa wenye mbio zaidi, na wa kwanza wake ulipelekwa kwenye shirika la safari za anga la Marekani, NASA, mwaka 1967. Hewa peke yake haikutosha. Mafundi waliweka rejeta ndogo za maji katikati ya safu za vibao vya umeme, ili hewa iliyopata moto kwenye kibao kimoja ipozwe na maji kabla ya kufika kibao cha pili. Maji hayakugusa vibao wenyewe, yaliigusa hewa. Huo ulikuwa uoga wa haki.

Kwa nini maji? Jibu mwalijua jikoni. Chukua sufuria tupu iliyotoka motoni, ipunge hewani; itapoa polepole. Itumbukize katika ndoo ya maji, itapoa mara moja. Vipimo vyasema hivi: ukichukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa, ukazipandisha joto digrii moja kila moja, maji yatakuwa yamebeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Tena joto hupenya ndani ya maji kwa urahisi mara 20 na zaidi kuliko ndani ya hewa. Hewa ni mpagazi dhaifu. Sifa yake ni kwamba haina bei, na ikivuja hailowanishi kitu.

Basi wako waliofika mbali zaidi. Seymour Cray wa Chippewa Falls, katika jimbo la Wisconsin, alikuwa mtu aliyetaka mashine yenye mbio kuliko zote, na ili umeme usisafiri mbali alizifupisha nyaya mpaka mashine ikawa kama nguzo ya mviringo yenye pengo. Kompyuta yake ya Cray-1 ilipelekwa Los Alamos mwaka 1976. Uzito wake ulikuwa kama tani 5 na nusu, na ilikula kilowati 115. Kuizunguka chini kulikuwa na kiti kilichotandikwa vizuri, kama baraza ya nyumba ya pwani, na chini ya kiti hicho mlifichwa vifaa vya umeme. Yeye hakutumia maji. Alitumia Freon, ile gesi iliyokuwa ikitiwa katika friji, ikipita ndani ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Kazi ikachelewa miezi kama 6, maana mafuta ya kulainisha pampu yaliyochanganyika na gesi yalivuja katika viungo, yakapaka vibao, mpaka umeme ukapita pasipotakiwa. Ilibidi wajifunze njia mpya ya kuchomelea mabomba. Angalieni jambo hili: watu hodari kuliko wote wa wakati wao, wenye fedha, wenye karakana, walisimamishwa nusu mwaka na kiungo kinachovuja.

Mashine yake ya pili, Cray-2, iliyotoka mwaka 1985, ilizamishwa yote katika kimiminiko kiitwacho Fluorinert, ambacho hakipitishi umeme. Vibao vilikaa ndani yake kama samaki majini. Watu wakaibandika jina la mchezo, yaani Mapovu.

IBM nao walishika njia yao. Mwaka 1980 walitangaza mashine iliyoitwa 3081. Ndani yake, chipu zaidi ya 100 zilipangwa juu ya kigae kimoja cha udongo wa kufinyangwa chenye upana wa sentimita 9. Juu ya kila chipu iliwekwa pistoni ndogo yenye springi, ikiigusa chipu kwa upole na kuvuta joto lake. Nafasi zilizobaki zilijazwa gesi ya heliamu, ambayo hupitisha joto vizuri kuliko hewa. Juu ya hayo yote likakaa bamba lenye maji yanayopita. Kifurushi kimoja kama hicho kiliweza kuondoa joto la wati 300 hivi. Mimi naiona kazi hii kuwa nzuri kuliko ya Cray, ingawa haisifiwi sana, kwa sababu fundi aliweza kulifungua bamba la maji na kubadili kifurushi bila ya kumwaga mashine nzima.

Halafu, katika miaka ya 1990, maji yakaachwa. Mwaka 1963 Frank Wanlass wa kampuni ya Fairchild alikuwa amebuni mpango wa transista uitwao CMOS, ambao hula umeme mdogo sana wakati haubadili hali. Kwa muda mrefu ulikuwa mzito wa mwendo. Ulipopata mbio ya kutosha, IBM waliuingiza katika mashine zao kubwa mwaka 1994, na mashine hizo zikapozwa kwa hewa tu. Mabomba yakang'olewa. Mafundi wa maji wakatafuta kazi nyingine.

Sasa tuingie nyumbani. Kompyuta ndogo za mezani za miaka ya 1980 hazikuwa na haja hata ya feni juu ya prosesa, yaani ile chipu kubwa inayofanya hesabu. Prosesa ya Intel 486, ya mwaka 1989, ilitoa wati chache tu. Pentium ya mwaka 1993 ilizidi wati 10, ikawa yataka kipande cha alumini chenye mbavu na feni juu yake. Kisha katika mwaka 1998 kukatokea jambo lililowapa vijana wa Marekani na Ulaya wazimu mtamu. Prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyowekwa na kiwanda kwenda kwa kipimo cha megahazi 300, ikagunduliwa kwamba yaweza kulazimishwa kwenda 450. Yaani mtu ananunua punda, akimtia hatamu vizuri anakuwa farasi. Lakini kila mashine inayolazimishwa kwenda mbio hutoa joto zaidi, na joto likizidi hesabu huharibika au mashine huzimika.

Madukani hakukuwa na vifaa vya maji vya kompyuta. Vijana wakavitafuta mahali pengine. Pampu walizichukua kwenye matangi ya kioo ya kufugia samaki. Rejeta walizitoa katika magari mabovu, si ile kubwa ya mbele, bali ile ndogo inayopasha moto ndani ya gari wakati wa baridi. Ile ya gari la Pontiac Bonneville la mwaka 1977 ilipata sifa kubwa, kwa kuwa ilikuwa ya kadiri nzuri. Bamba la kukaa juu ya prosesa walilichonga wenyewe kwa keekee katika donge la shaba. Mipira ilikuwa ya kawaida, na vibano vyake ni vile vya skrubu vya gari. Ilivuja? Ndiyo, ilivuja sana. Lakini ilifanya kazi. Kuanzia mwaka 2000 hivi, baadhi ya kampuni ndogo zilianza kuuza vifaa vilivyotengenezwa kwa kusudi hilo.

Si mafundi wa nyumbani peke yao. Katika mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza kompyuta ya Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji tangu kiwandani. Ilikuwa na mbio, lakini baadhi ya mashine hizo zilivuja baada ya miaka michache na kuharibika. Na mwaka huo huo kampuni ya Intel iliacha mpango wa prosesa yake mpya, Tejas, na joto lilikuwa mojawapo ya sababu. Tangu hapo viwanda vikaanza kutia prosesa mbili, nne, nane katika chipu moja, badala ya kuilazimisha moja iende mbio bila mwisho.

Mashine kubwa nazo zikarudi majini. IBM walirudisha maji mwaka 2008. Mwaka 2010, katika mji wa Zurich, Uswisi, iliwashwa kompyuta iitwayo Aquasar, iliyopozwa kwa maji ya digrii 60. Ndiyo, digrii 60, maji ya kuunguza mkono! Chipu huweza kufanya kazi ikiwa na joto la kupita hapo, basi maji ya digrii 60 kwake ni baridi. Yalipotoka, joto lake lilitumika kupasha majengo ya chuo. Mwaka 2012 mashine ya SuperMUC karibu na Munich, Ujerumani, ikafuata njia hiyo hiyo ya maji ya vuguvugu. Na Frontier ya Oak Ridge, Marekani, iliyoshika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2022, ilipozwa kwa maji.

Hapa darasa lipumzike kidogo, na mwalimu aulize: je, maji ya kompyuta yaweza kuwa baridi kuliko hewa ya chumba?

Wengi watajibu ndiyo, wakikumbuka mtungi. Maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko hewa, ni kweli. Lakini mtungi hutoka jasho. Maji hupenya udongo, hukauka nje, na katika kukauka huchukua joto. Mzunguko wa maji wa kompyuta umefungwa, hautoki jasho. Rejeta yake huweza tu kulitoa joto kwenye hewa ya chumba, na joto haliendi lenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto. Chumba kikiwa na digrii 32, kama kilivyo chumba cha Mombasa au Tanga mchana wa Februari, maji yatakuwa zaidi ya 32, siku zote. Anayedhani maji yataifanya kompyuta yake friji atapoteza fedha zake. Kazi ya maji ni kulichukua joto kutoka kwenye chipu ndogo kama ukucha na kulipeleka mahali penye nafasi ya rejeta kubwa na feni kubwa zinazozunguka polepole. Faida yake ni ukimya, na joto lililo chini kidogo wakati wa kazi nzito. Kwa mtu anayeandika barua na kutunza hesabu za duka, feni ya kawaida yamtosha, na hata kwa wengi wanaofanya kazi nzito feni nzuri yatosha. Seti ya kwanza ya maji yaweza kuzidi bei ya prosesa yenyewe.

Fundi mmoja kijana, msikilizaji wetu, ametuandikia barua. Asema ameweka akiba, amepata bamba la shaba kwa mtu mmoja na rejeta ya alumini kwa mtu mwingine, bei nzuri, na aomba shauri namna ya kuziunganisha. Shauri letu ni asiziunganishe. Sababu yake yafaa tuieleze kwa urefu, maana ni ya zamani kuliko kompyuta zote.

Mwaka 1761, jeshi la bahari la Uingereza liliipigilia merikebu yake, HMS Alarm, mabamba ya shaba chini, ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ikapelekwa bahari za visiwa vya West Indies. Ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa nzima, wadudu hawakuingia, lakini misumari ya chuma iliyoyashika mabamba ilikuwa imeliwa na kuwa kama uji. Mahali pengine tu misumari ilikuwa mizima: pale ambapo karatasi nene, ile iliyofungiwa shaba ilipoletwa, ilikuwa imesahauliwa katikati ya shaba na chuma. Karatasi hiyo ya kufungia mizigo iliwafundisha watu jambo kubwa. Madini mawili tofauti yakigusana, na maji yakayazunguka yote mawili, moja hulila jingine.

Sababu ilijulikana baadaye. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya madini mawili tofauti, katikati akitia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme. Hiyo ndiyo betri. Basi mtu anayetia shaba na alumini katika mzunguko mmoja wa maji ametengeneza betri bila kukusudia, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Mwanzo haonekani ubaya. Baada ya miezi maji huwa kama maziwa, takataka nyeupe huziba mifereji myembamba ya bamba, na mwishowe rejeta hutoboka.

Atauliza mtu: mbona vifaa vya maji vilivyofungwa kiwandani, vile ambavyo havifunguliwi, vingi vina bamba la shaba na rejeta ya alumini? Ni kweli. Vilienea hasa kuanzia mwaka 2009, na kampuni ya Asetek ya Denmark ilishika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini kiwanda hutia dawa iliyopimwa ya kuzuia kuliwa, kisha hufunga kabisa. Hewa mpya haiingii, na mwenyewe haongezi maji ya bomba. Hata hivyo maisha yake yana mwisho. Anayefunga mwenyewe achague ukoo mmoja: ama shaba kwa shaba, pamoja na shaba nyeupe na shaba iliyopakwa nikeli, ama alumini tupu kila mahali. Asichanganye hata kiungio kimoja. Duka likishindwa kusema rejeta ni ya madini gani, asiinunue.

Tumalizie na hesabu zake, kwani fundi mzuri huandika kwanza ndipo anunue.

Aandike joto la kila chipu atakayoipoza. Tuseme prosesa ni wati 150, na kadi ya picha ni wati 250. Jumla ni 400. Mafundi wengi hukadiria feni moja ya milimita 120, pamoja na sehemu yake ya rejeta, kwa kila wati 100. Basi yataka nafasi ya feni nne, kwa mfano rejeta mbili za feni mbili mbili. Apime sanduku la kompyuta kwa rula kabla ya kununua, na unene wa feni auhesabu pia, maana wengi huupima urefu wa rejeta na kusahau unene wa feni.

Wengine hubishana sana juu ya mpango: maji yapite prosesa kwanza au kadi ya picha kwanza? Tupige hesabu. Wati 300 kwa dakika moja ni juli 18,000. Pampu ikipitisha lita 3 kwa dakika, lita hizo hutaka juli 12,500 hivi kupanda digrii moja. Basi maji yaliyopokea wati 300 yamepanda chini ya digrii moja na nusu tu. Ugomvi umekwisha, apitishe mpira njia iliyo fupi na isiyokunjika. Mpango wenye maana ni mmoja: tangi dogo la maji likae juu ya pampu, kabla yake, ili maji yateremke yenyewe kuingia. Pampu hizi hulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Ikizungushwa kavu, huungua.

Viungio karibu vyote vya kazi hii vina nyuzi za kipimo kiitwacho G robo, nyuzi 19 kwa inchi. Mafundi bomba wetu wataitambua familia hiyo, ni ile ile ya mabomba ya Kiingereza yaliyoenea Afrika ya Mashariki, yenye pembe ya digrii 55 aliyoipanga Joseph Whitworth mwaka 1841. Lakini fundi bomba asilete tabia ya kazini. Hapa hakuna haja ya utepe mweupe wala ya spana kubwa. Kinachozuia maji ni pete ya mpira. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo, basi. Ukilazimisha, plastiki hupasuka.

Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu wa kijani. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na chokaa. Na asidanganyike kwamba maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme. Yakikaa siku chache na madini na vumbi, hupitisha. Mafundi wengi huyabadili kila mwaka.

Mwisho ni kujaribu. Asiwashe kompyuta. Atenge kisanduku cha umeme, akiwashie pampu peke yake, nyaya za madabodi na za kadi ya picha zikiwa zimechomolewa. Atandike karatasi nyeupe za jikoni chini ya kila kiungio, kwa kuwa tone likianguka juu ya karatasi huonekana. Aliinue sanduku upande huu na upande huu, mapovu yatoke, aongeze maji, aiache pampu izunguke saa 24. Akiona tone hata moja, azime, akaushe, akaze kiungio, kisha aanze kuhesabu saa 24 upya.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za friji, na jinsi barafu ilivyokuwa ikisafirishwa kwa merikebu kabla ya friji kuwapo. Kwaherini.